Meza ya mninga imetoka mistari myeusi baada ya msasa: nianze upya?

"Shikamoo fundi. Nipo Ilemela, Mwanza. Nilinunua meza ya chakula ya mninga na viti sita vikiwa vitupu, bila rangi wala vanishi, nikitaka kumalizia mwenyewe ili nipunguze gharama. Uso wa meza niliupiga msasa namba 60 kwa mkono, kisha nikaenda namba 400 mpaka nikaona pamekuwa laini kabisa. Nikapaka rangi ya mbao ya kahawia, halafu mkono mmoja (yaani tabaka moja) wa sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi. Ilipokauka nikaona mistari myeusi imejaa, mingine imekata ubao kwa upande, na nikipitisha mkono panaparuza. Fundi aliyeitengeneza anasema niongeze sila, itafunika. Baba yangu, ambaye amewahi kuunda mitumbwi kule Ukerewe, anasema nirudie kwa msasa wa maji. Jirani ana grinda, yuko tayari kunisaidia. Miguu na viti bado sijavigusa. Nianze upya, nilipe mwenye mashine, au niache hivyo? Halafu mimi nikishika vumbi huwa nabanwa na mafua."

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kazi. Umeuliza mengi kwa pamoja, ila karibu yote yanatoka sehemu moja: ule mruko wa kutoka namba 60 kwenda namba 400. Nikutoe wasiwasi kwanza. Meza haijaharibika. Kinachotakiwa kuondolewa juu ya ubao hakifiki milimita moja, na uso wa meza ya chakula ya mninga kwa kawaida una unene wa sentimita mbili na zaidi. Mkono wako nao hauna kosa. Hata mafundi wenye mashine nzuri, kazi ikiwa ya heshima, raundi ya mwisho huipiga kwa mkono.

Tumezoea kusema msasa unalainisha mbao. Ukiutazama kwa karibu, kazi yake ni kukwaruza tu. Kila punje iliyogandishwa kwenye karatasi ile ina ncha inayochimba mfereji kwenye ubao, na kina cha mfereji kinafuata ukubwa wa punje. Namba iliyoandikwa nyuma ya karatasi ndiyo inayokueleza ukubwa huo, nayo huenda kinyume: namba ikipanda, punje inapungua. Kwenye msasa wenye herufi P mbele ya namba, ambacho ni kipimo cha Ulaya, punje ya P60 ina wastani wa mikroni 269, yaani zaidi kidogo ya robo ya milimita. P80 ni kama mikroni 200, P120 ni 125, P180 ni 82, P240 ni kama 58, na P400 ni 35. Piga hesabu mwenyewe: punje ya 60 ni karibu mara nane ya punje ya 400.

Ulipomaliza namba 60 uliacha uso mzima umejaa mifereji mirefu yenye kina. Ulipoleta 400, punje zake ndogo hazikuweza kufika chini ya mifereji ile. Zilipita juu juu, zikakata vichwa vya matuta yaliyobaki kati ya mfereji na mfereji, zikavisugua mpaka vikang'aa. Vidole vyako vikapita juu ya matuta hayo vikakuambia pamekuwa laini, na kwa kweli juu ya matuta palikuwa laini. Lakini rangi ya mbao ni kimiminika, nayo hutafuta bonde. Ikateremka mferejini, ikajaa humo, ikakauka ikiwa nzito na nyeusi kuliko pembeni yake. Hiyo ndiyo mistari unayoiona sasa. Ilikuwepo tangu namba 60, rangi imeianika tu.

Ile iliyokata ubao kwa upande ni mibaya zaidi, na sababu yake iko ndani ya mbao yenyewe. Mbao imejengwa kwa mirija membamba mno iliyolala kwa urefu wa mti. Mkwaruzo unaokwenda na urefu huo hujificha katikati ya mistari ya asili na jicho huupita bila kuuona. Mkwaruzo unaokatiza hukata mirija, na kila mrija uliokatwa unakunywa rangi kupitia mdomo wake. Ndiyo maana vilevile kichwani mwa ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno, rangi huwa nyeusi kuliko usoni. Nadhani ulipokuwa unachoka ulianza kuzungusha mkono au kusukuma upande ulio rahisi kwa bega. Kila mtu hufanya hivyo, hasa katikati ya meza pana ambapo mkono haufiki vizuri. Dawa yake ni kuzunguka meza, usimame mahali ambapo mkono unasukuma kwa urefu wa ubao bila kujikunja.

Huko kuparuza ni jambo jingine, na ni jepesi. Msasa hauzikati nyuzi zote, nyingine huzilaza tu. Zikiguswa na maji au rangi huvimba na kusimama, kisha sila huzikausha zikiwa zimesimama vilevile. Mkono wa kwanza wa rangi au sila karibu kila mara huparuza. Ungekuwa na tatizo hilo peke yake, ningekuambia upitishe msasa namba 320 kwa wepesi mara mbili tatu, ufute vumbi, uendelee na vanishi, na barua hii ingekuwa fupi.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa. Ule wa kuongeza sila sitaki kuusemea vibaya sana kwa sababu unasikika karakana nyingi, ila hautakusaidia. Sila imetengenezwa kuziba vinyweleo vya mbao na kushika nyuzi ili zikatike vizuri kwa msasa. Ni angavu. Ukiweka mikono mitano juu ya mstari mweusi, utauona mstari mweusi chini ya mikono mitano. Tena sila nyingi huwekwa ndani yake kemikali ya jamii ya sabuni ili zisagike kirahisi, na kemikali hiyo huziacha laini. Ukiirundika sila, vanishi ngumu inakuwa imekalia tabaka laini, na siku sufuria ikidondoka hapo panabonyea na kuacha baka jeupe. Mkono mmoja mwembamba unatosha, miwili ikizidi.

Mzee wako mpe heshima zake. Msasa mweusi wa maji ni msasa mzuri, na juu ya rangi iliyokauka, kama ya mtumbwi, unafanya kazi safi sana. Kwenye mbao tupu mambo hubadilika. Maji yanavimbisha nyuzi, vumbi linageuka tope, na tope linajaa kwenye vinyweleo vya mninga, ambavyo ni vikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Likishakauka humo, kulitoa ni kazi mpya. Uweke msasa huo kwa ajili ya baadaye: kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine, namba 320 au 400, vanishi ikiwa imekauka kabisa, na maji kidogo yenye tone la sabuni.

Grinda ya jirani, hapana. Diski ya grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukiegemea kidogo upande mmoja umeshachimba bakuli, na bakuli hilo hutalihisi mpaka vanishi ing'ae na taa ya sebuleni ikupigie hapo. Ni chombo cha kuparua mahali pasipoonekana. Mashine ya msasa yenyewe, ile ambayo diski yake inazunguka huku ikitikisika, ni kitu tofauti kabisa, na ukimpata mwenye nayo anayejua kuitumia itakuokolea muda kwenye uso wa meza mpaka namba 120. Kutoka hapo unamalizia kwa mkono kwa sababu nayo huacha vijiduara vidogo. Kwenye miguu na migongo ya viti haifiki, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya kazi yako utarudi kwenye mkono upende usipende.

Je, urudie? Nitakuambia ninavyoona. Kama meza hiyo itaishi chini ya kitambaa cha kufuma na plastiki juu yake, kama zilivyo meza nyingi za majumbani kwetu, unaweza kulainisha sila, ukapaka vanishi mikono miwili na maisha yakaendelea. Mistari ile haipunguzi nguvu ya meza hata kidogo. Njia ya pili ni kuongeza rangi nyeusi zaidi ili mistari imezwe. Itamezwa nusu, na utakuwa umeufunika mninga wenyewe, ambao kwa bei ya siku hizi ni kama kununua kanga ya doti ukaivaa ndani nje. Njia ya tatu ni kurudisha uso wa meza kwenye mbao na kuanza tena kwa mpangilio. Mimi ningefanya hiyo ya tatu, kwa uso wa meza peke yake. Tenga siku nzima, usitenge jioni mbili za baada ya kazi, maana mtu aliyechoka ndiye anayeruka namba.

Kabla ya kugusa chochote, chungulia ukingo wa meza. Mistari ya asili ya mbao, ile ya usoni, inapofika ukingoni inapaswa kushuka na kuendelea kwenye unene wa ubao. Ukiona tabaka jembamba juu na kitu kingine chini yake, hiyo ni plaiwudi au mbao iliyobandikwa ngozi. Hapo simama, kwa sababu ngozi hiyo mara nyingi haifiki milimita moja na msasa wa 80 utaitoboa.

Ikiwa ni mbao nzima, chukua thina kidogo, dondosha tone mahali pasipoonekana sana, subiri dakika mbili tatu. Sila ikilainika na kunata, una bahati: ni ile inayoyeyuka. Lowesha kitambaa kwa thina, kilaze juu ya sehemu ndogo, kisha parua kwa kibati chenye ukingo mnyoofu. Mafundi wengi hutumia kigae cha kioo, nacho kinaparua vizuri sana, ila kinakata vidole vizuri vilevile. Kipande cha bapa la msumeno mkuukuu ni salama zaidi. Kazi hiyo ifanyikie nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na mtu anayevuta sigara. Mvuke wa thina unawaka kabla hata moto haujagusa kitambaa. Sila isipoyeyuka, usihangaike nayo, itaondoka na msasa ingawa itaziba karatasi kadhaa.

Kisha tengeneza kibao cha msasa. Hiki ndicho kifaa cha maana kuliko vyote, na nina hakika hukuwa nacho. Ukikunja karatasi na kuisukuma kwa vidole, vidole vinabonyea penye mbao laini na kupanda penye mbao ngumu, na uso unatoka na mawimbi. Kwenye paini ni balaa, maana kila pete ya mti ina upande laini na upande mgumu. Kwenye mninga ni afadhali, lakini vidole bado huacha mabonde membamba manne ambayo hujui yametoka wapi. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka, urefu sentimita 11, upana 7, unene 2. Kata soli ya kandambili iliyochakaa, ibandike chini yake kwa gundi. Soli hiyo inafanya karatasi ikae sawasawa bila kuwa ngumu mno. Karatasi nzima ya msasa ukiirarua mara nne, kila robo inazunguka kibao hicho na kubaki na mahali pa kushika. Nunua msasa mgumu wa mbao, wa rangi ya kahawia au nyekundu. Ule wa kitambaa unaouzwa kwa mita utakufaa kwenye miguu ya duara, ambako unauvuta huku na huku kwa mikono miwili, kisha unamalizia kwa urefu wa mguu.

Anza na 80. Usirudi 60, mifereji yake unayo ya kutosha. Chora mistari ya penseli nyepesi, iliyopindapinda, uso mzima wa meza. Sukuma kibao kwa urefu wa ubao, mwendo mrefu, kila mwendo ukipanda nusu juu ya uliotangulia. Karibu na mwisho wa meza usikubali kibao kitoke zaidi ya nusu, la sivyo kinainama na kula ukingo. Penseli ikifutika pote, hujamaliza. Chora tena, rudia. Halafu subiri giza au funga madirisha, washa tochi ya simu na uilaze juu ya meza ili mwanga upite chinichini. Mwanga wa namna hiyo hauna huruma: mkwaruzo wa nusu unywele unatupa kivuli. Ukiona bado kuna mstari wa rangi ya kahawia uliobaki mferejini, hapo ndipo 80 inatakiwa kuendelea. Wengi hupanda namba hapa kwa kudhani namba inayofuata itamalizia. Haimalizii. Kila namba ina kazi moja, kufuta alama za iliyotangulia, na kazi nzito zaidi ni ya ile ya kwanza. Ukiifanya 80 kwa uaminifu, 120 na 180 zitakwenda haraka mpaka ushangae.

Mninga una tabia moja ya kuangalia. Nyuzi zake mara nyingi hupishana, ukanda mmoja unalalia huku na wa pili unalalia kule, ndiyo maana ubao uleule unang'aa vipande vipande ukibadilisha upande wa kusimama. Usijaribu kufuata kila ukanda. Shika urefu wa ubao mwanzo hadi mwisho. Ukikuta sehemu randa iling'oa nyuzi na kuacha vishimo, parua kwanza kwa bapa la msumeno. Ukishindana navyo kwa msasa mahali pamoja, utachimba shimo kubwa kuliko vishimo vyenyewe. Pale palipobonyea tu bila nyuzi kukatika, weka kitambaa chenye maji, gusa kwa pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke utainua nyuzi, na pakikauka unapiga msasa kama kawaida.

Kabla ya kwenda 120, futa uso wote kwa brashi na kitambaa kilichokamuliwa. Punje moja ya 80 iliyobaki mezani itakokotwa chini ya karatasi ya 120 na kukuandikia mstari mrefu wenye kina cha 80. Kuhusu karatasi zenyewe, usizionee huruma. Zikiwa butu hazikati tena, zinabonyeza na kung'arisha, na mtu hujibu kwa kukandamiza zaidi. Ukiona unatumia nguvu, badilisha karatasi.

Kutoka 120 nenda 180. Hapo futa meza yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji, acha ikauke kabisa, nyuzi zisimame, kisha uzikate kwa 180 ile iliyotumika kidogo, mkono mwepesi, mara mbili au tatu basi. Hii ndiyo kinga ya kule kuparuza. Na hapo usoni simama. Najua 400 inavutia, lakini mbao iliyosuguliwa mno hufunga mdomo: rangi inashindwa kuingia sawasawa, na vanishi ya maji inakosa mahali pa kushika. Kwa vanishi inayojenga tabaka juu, 180 inatosha, 220 ukipenda. Kichwani mwa mbao pekee ndipo unapopanda mpaka 240 au 320, kwa makusudi, ili pale panywe rangi kidogo na pafanane na uso. Kingo kali zote zivunje kwa mapito mawili ya 180. Vanishi haikai kwenye ukingo mkali, inakimbia pande zote mbili na kuacha utando mwembamba unaoanza kubanduka mapema.

Mwisho kabisa, kabla ya rangi, pangusa uso wa meza kwa kitambaa chenye thina au spiriti. Kwa sekunde chache kabla haijakauka, utaiona meza kama itakavyokuwa chini ya vanishi. Mikwaruzo iliyobaki itajitokeza, na mabaka ya gundi kwenye maungio yataonekana meupemeupe kwa sababu hayanywi. Gundi iparue hapohapo. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kugundua kitu bila kulipia.

Kwa miguu na viti, mpangilio ni uleule, ila kama randa ilipita vizuri anza 120. Vipindue viti uangalie chini yake: mafundi huweka paini sehemu zisizoonekana, na paini ikipakwa rangi ileile ya mninga inatoka na mabaka. Sehemu hizo ziache na vanishi tupu.

Mafua yako yachukulie kwa uzito. Vumbi la mninga linajulikana kuwasha pua na ngozi na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na la mvule vilevile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na inayotajwa zaidi ni ya pua. Hiyo ni hatari ya anayelivuta miaka na miaka karakanani. Meza moja haikufikishi huko, lakini inatosha kukubana kifua. Khanga au barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini la 180. Nunua barakoa ya N95 au FFP2. Fanya kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, vumbi lifute kwa kitambaa cha maji badala ya fagio, na nguo ulizovaa usiingie nazo chumbani kwa watoto. Ukianza kusikia filimbi kifuani, kukohoa usiku, au macho kuvimba, acha msasa uende kituo cha afya, na uwaambie ulikuwa unashika mninga. Kwa mtu mwenye pumu, hapo ndipo ningesema bila kusita: lipa mtu afanye.

Hali ya hewa yetu nayo ipange. Mchana ardhi ikipata joto, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na unabeba vumbi la barabara. Msasa upige muda huo, vanishi ipake asubuhi kabla haujaamka. Kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani ambao siku nyingine hupanda juu ya maji mawingu kwa mawingu na kufuata taa za nyumba. Vanishi mbichi chini ya taa jioni ni kaburi lao, na kuwatoa maana yake msasa tena. Msimu wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, epuka kupaka sila au vanishi ya thina siku yenye mvua. Inakauka haraka mno, inajipoza, inanasa unyevu wa hewa na kutoka ukungu mweupe. Juni hadi Agosti ni rahisi zaidi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, mtu lazima aione meza. Moja ni kiti kinachocheza ukikikalia. Usikipige msasa kwanza, kwa sababu kukikaza kunataka kufungua ungio, kusafisha gundi ya zamani na kukibana upya, na vanishi itakuwa imepotea bure. La pili ni ufa unaopita kwenye ubao, hasa ukiona unapanuka. La tatu ni mbao mbichi. Mninga unatusafiria kutoka Tabora na Katavi, na si kila ubao hupewa muda wa kukauka vizuri kabla ya kuingia kwenye samani. Utaujua kwenye msasa wenyewe: mbao kavu hutoa unga unaopeperuka, mbichi hutoa unga unaoganda kwenye karatasi kwa vidonge na kuiziba mara moja. Ukikuta hivyo, usiendelee. Mpelekee aliyekuuzia, au mtafute fundi mwenye kipimo cha unyevu. Kwenye karakana za useremala za VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, unaweza kuuliza. Meza ikiwa mbichi inatakiwa ikae ndani kivulini, imeinuliwa ili hewa ipite chini yake, uso wa juu na wa chini vyote vikiwa wazi, kwa wiki au hata miezi, kisha ndipo maungio yakaguliwe kabla karatasi ya kwanza ya 80 haijaguswa.